Unyusi Niliouchora Mwenyewe

Picha ilikuwa mikononi mwangu.

Ndani ya picha kulikuwa na mwanamke kijana ameketi kwenye kiti. Magotini mwake, mtoto wa kike wa miaka mitano. Mtoto huyo ni mimi. Sura yangu. Macho yangu. Ule mdomo wangu wa kununa ambao nadhani nilizaliwa nao.

Na mwanamke huyo, kwa wiki tatu sasa, nilikuwa namwita Mama.

Uani nilimsikia akikung'uta mashuka mabichi kabla ya kuyaanika. Pah! Pah! Huku anaimba puani.

"Mwanangu! Mbona kimya humo ndani?"

"Nafuta vioo, Mama!"

Uongo mtupu. Kioo nilishakifuta zamani. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi...

Picha ile ilikuwa ya kutengenezwa! Haikupigwa popote, siku yoyote. Mimi sijawahi kukaa kwenye yale magoti.

Mtaniuliza nimejuaje. Nimejua kwa sababu kipande kimoja cha picha ile nilikitengeneza mimi. Kwa mkono wangu huu huu ninaoandikia.

Ngojeni nianze mwanzo, nisije nikawachanganya.

Mimi nimekulia kwenye kituo cha kulea watoto. Faili langu lina karatasi moja: "Ameletwa na msamaria. Umri takriban miaka mitano. Ana kovu linalokata unyusi wa kushoto." Basi. Wengine wana ukoo, mimi nina mistari mitatu.

Pamoja na karatasi hiyo kulikuwa na picha moja ndogo ya pasipoti waliyonipiga wiki ile niliyofika. Kona yake imechanika, na mchaniko umepita juu ya jicho la kushoto, ukaondoka na unyusi pamoja na kovu lake.

Miaka miwili na nusu iliyopita nilikwenda kuomba kazi studio ya picha. Mwenye studio tunamwita Flashi, kwa sababu hana subira hata ya kupepesa macho. Flashi ana mtihani wake kwa kila mfanyakazi mpya.

"Lete picha yako mwenyewe iliyoharibika kuliko zote," aliniambia. "Ukiirekebisha mpaka nikaiamini, una kazi."

Sikuwa na ya kuchagua. Nikaiingiza ile ya pasipoti kwenye kompyuta. Pale palipochanika nikanakili unyusi wa kulia, nikaugeuza, nikaupandikiza kushoto. Mzima kabisa. Bila kovu! Nilitaka hata mara moja maishani nijione sina mahali palipokatika.

Flashi akaitazama, akaguna.

"Umenidanganya vizuri. Njoo Jumatatu."

Akanipa na kichumba cha nyuma ya studio nilale. Picha yangu, kabla na baada, akaiweka kwenye jalada la mazoezi; mwaka huu akaifanya sampuli, ikabandikwa kaunta.

Sasa, wiki tatu kabla ya siku hii ninayowasimulia, aliingia mteja wa picha za pasipoti. Mama wa makamo, mikono imechoka kwa sabuni, mwanya mpana wa meno ya mbele. Wateja wake wanamwita Mama Pasi. Ni dobi, anafua na kunyoosha mashuka ya nyumba za wageni.

Nilimwelekeza akae kwenye kigoda. Hakukaa. Alikuwa anaangalia kaunta.

"Huyu nani?"

"Sampuli tu, mama. Picha ya zamani tumeirekebisha."

"Nimekuuliza, huyu NANI?"

"Ni... ni mimi."

Alishika kaunta kwa mikono miwili, akanitazama kana kwamba natoka moshi.

"Wazazi wako wako wapi?"

"Sina. Nimelelewa kituoni."

"Waliku... walikupata ukiwa na umri gani?"

"Mitano hivi."

"Mitano!" Akapiga kelele mpaka Flashi akatoka chumba cha giza. "Mitano! Ndiyo! Ulipotea sokoni ukiwa na miaka mitano! Nilikuachia mkono nipokee chenji, kugeuka, hupo! Mwanangu!"

Akanikumbatia. Nikanusa sabuni na mvuke wa pasi, na mimi, mtu ambaye hata chanjo sililii, nikalia mpaka nikakwama pumzi.

Na Flashi? Flashi alisimama mlangoni. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Hilo nalo lilipaswa kunishtua. Halikunishtua. Macho yenye machozi hayaoni mbali.

Jioni ile ile alinipeleka kwake. Vyumba viwili, sebule, ua mpana wenye kamba za kuanikia. Na ukutani, juu kabisa, ushahidi: picha ya yeye na mimi!

"Tulipiga mwezi mmoja kabla hujapotea," akasema.

"Na hili kovu langu, Mama?"

"Ulianguka kwenye ngazi ukiwa na miaka miwili. Ulinipa kazi wewe!"

Nikahamia wiki hiyo hiyo. Alinipa kitanda. Akanionyesha msumari nyuma ya mlango, akasema, "Huu wako, tundika nguo zako." Ninyi mliokulia kwenu hamwezi kunielewa. Vitanda nimepewa vingi. Msumari wangu mwenyewe, sijawahi.

Sasa turudi sebuleni.

Nilikuwa nimeishusha picha nifute kioo. Fremu ikafunguka, picha ikachomoka. Nyuma yake, mhuri. Mhuri wa studio yetu! Ule ninaougonga kila siku mpaka mkono unauma. Tarehe: miaka miwili iliyopita.

Nikajiambia labda ni nakala, alikwenda kusafishiwa ya zamani.

Nikaigeuza. Kivuli cha kiti kimelala kulia. Kivuli cha pua ya mtoto kimelala kushoto. Majua mawili kwenye picha moja!

Kisha nikaona unyusi.

Nilianguka nikiwa na miaka miwili, si ndiyo? Picha ya miaka mitano. Kovu liko wapi? Halipo. Pale pana unyusi mzima, mweusi, na ncha yake imepinda juu kama ya upande wa pili, kwa sababu ndiyo ya upande wa pili. Niliuchora mimi. Unyusi ule haujawahi kuota kwenye uso wa binadamu yeyote!

Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa fupi kama kidole.

"Mwanangu, njoo unishikie shuka tukunje!"

"Nakuja, Mama!"

Nikairudisha ukutani. Nikaenda kushika shuka. Yeye pembe mbili, mimi pembe mbili, tunasogeleana, tunaachana. Kila tukisogeleana ananichekea na ule mwanya wake.

Nami namchekea. Moyoni najiuliza: wewe mwanamke, unataka nini kwangu?

Maana mkono mtupu haulambwi. Mimi nilikuja na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka. Mtu asiye na kitu, ukimwibia unamwibia nini?

Nikaanza kuhesabu. Labda ananitaka nifue bure. Lakini kazi anafanya zaidi yangu, na nikiamka mapema ananirudisha kulala. Labda ananiandalia mume. Labda figo! Msicheke. Usiku wa nne nilisoma kuhusu figo mpaka simu ikazima.

Nikaanza kumchunguza hata anavyopumua.

"Mama, siku ile sokoni nilikuwa nimevaa nini?"

"Gauni... la bluu."

Siku mbili baadaye: "Mama, gauni gani vile?"

"Lile jekundu, mama yangu. Mbona unapenda kujiumiza na ya zamani?"

Bluu. Jekundu. Nikakunja shuka, nikameza.

Kisha nikakumbuka kitu kilichonipandisha nywele... Pale kaunta ni yeye aliyeniuliza umri KWANZA. Mimi nikasema mitano. Ndipo soko likatokea, ndipo chenji ikatokea. Hadithi ile nilimpa mimi mwenyewe, yeye akanirudishia ikiwa imenyooshwa pasi!

Kesho yake nilimvamia Flashi. Nikaweka simu mezani, picha ya ile picha imejaa kioo.

"Hii kazi ya nani, Bosi?"

Akaitazama. Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Nilijua utakuja," akasema.

"Kazi ya nani!"

"Yangu. Punguza sauti, kuna mteja anasubiri kutabasamu."

"Alikulipa unitapeli?"

"Kukutapeli wewe? Hata hakujua kama upo! Sikiliza, binti. Miaka miwili iliyopita alikuja na picha yake ya ujana. Akasema ana mtoto wa kike aliyepotea, hana picha yake hata moja. Akaniomba kompyuta imtengenezee sura ya mtoto kutoka kwenye sura yake yeye. Nikamwambia inawezekana."

"Inawezekana?"

"Haiwezekani! Kwa mashine zetu hizi? Lakini alikuwa analia. Nilijaribu siku mbili, ikawa inatoka kama katuni. Nikafungua jalada la mazoezi, nikaona uso wako. Mtoto wa miaka mitano, picha safi, nimeshaamini. Nikauweka. Nilidhani ataitundika ukutani, basi, ataliwazika. Ningejuaje kwamba siku moja ataingia hapa akutane na mwenye uso?"

"Na alipokutana nao ukanyamaza."

"Uliwahi kujiona unavyolia? Ningesema nini? 'Samahani, mnakumbatiana kimakosa'?"

Nilikaa kwenye kigoda cha wateja. Taa zote mbili zilikuwa zinanimulika, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini watu wakikaa pale hushindwa kujua mikono yao waiweke wapi.

Kwa hiyo Mama alikuta uso aliouagiza, uko hai, unauza picha. Akaamini muujiza. Hapo ningeweza kumsamehe. Lakini kwa nini aseme tuliipiga? Kwa nini gauni libadilike rangi? Mama aliyepoteza mtoto wa miaka mitano anawezaje kutokuwa na picha yake hata moja... na asikumbuke nguo ya siku ile?

Kulikuwa na kitu kingine. Na nilianza kuamini kwamba anayekijua ni Mrefu.

Sijawatajia Mrefu. Ni mwana wa Mama Pasi, ana miaka ishirini na mitano, anaendesha pikipiki ya kupeleka mashuka kwa wateja. Naye ana mwanya, kama mama yake. Mimi meno yangu yamebanana kama ndugu wanaogombea blanketi. Tangu nifike alikuwa ananiita "Dada" kwa upole wa kupindukia, ule upole wa mtu anayekubembeleza usigeuke nyuma.

"Wewe ndiye mkubwa, mbona unaniita dada?" nilimuuliza siku moja.

"Heshima tu."

Heshima! Kijana anayekula amesimama huku anaangalia simu, leo ana heshima.

Nikamchunguza naye. Kila Alhamisi mchana alikuwa anabeba furushi la taulo zilizokunjwa vizuri, ambalo halikuwa kwenye oda za siku hiyo. Nami ndiye niliyekuwa naandika oda.

Jumatano nilimsikia nyuma ya tangi la maji, kwenye simu.

"Bado hajajua... Hapana, usitume mtu hapa! Nimekwambia nitaleta mwenyewe... Huyu mpya ametulia. Ilimradi asiulize sana."

Huyu mpya!

Wapenzi, mtu akikwambia damu imeganda usimbishie. Inaganda.

Kumbe kulikuwa na wa zamani? Walimfanya nini?

Alhamisi nilimwambia Mama ninaenda kazini. Nikakodi pikipiki, nikamwambia dereva, "Mfuate yule mwenye furushi, usimkaribie."

"Mume?" akauliza.

"Kaka."

"Wote husema hivyo mwanzoni."

Mrefu alisimama kwenye saluni ya kusuka nywele, mtaa wa nne kutoka kwetu. Mlango wa kioo. Akaingia, akaweka taulo juu ya meza, na msusi mmoja akageuka kumpokea.

Nilishika nguzo ya taa iliyokuwa karibu.

Alikuwa Mama Pasi! Mama Pasi yule wa kwenye picha, yule kijana. Paji lile lile. Mkono kiunoni vile vile anapogomba. Akacheka, na mwanya ukajaa kioo chote cha mlango.

Sikufikiri. Nikasukuma mlango.

Mrefu akanigeukia, uso ukamnywea. "Dada..."

"Usiniite Dada! Dada yako huyu hapa!"

Wateja wawili wenye nywele nusu wakageuza shingo kwa pamoja. Msusi akanitazama kuanzia miguu mpaka kovu.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Uliyechukua nafasi yangu. Karibu. Hiyo nafasi ina kunguni."

"Mimi sijachukua kitu."

"Tokeni nje wote, mnaniharibia biashara."

Tulitoka nyuma, penye karai za kuoshea nywele. Hapo ndipo Mrefu alisema, na alisema akiwa anaangalia viatu vyake.

Hapakuwa na soko. Hapakuwa na chenji. Miaka ishirini na miwili iliyopita baba yake Mrefu alikuwa safarini kikazi, mwaka wa pili huo hajarudi. Mama Pasi akapata mimba, na mimba haikuwa ya mumewe. Mume akatuma habari kwamba yuko njiani. Mtoto alikuwa na siku arobaini. Mama akampeleka kwa muuguzi mmoja aliyekuwa hana uzazi, akamkabidhi, akarudi nyumbani kuosha nepi na kuzificha.

Muuguzi alihama bila kuacha anwani, akamlea vizuri, akamwambia ukweli kabla hajafa. Mrefu naye, baba alipofariki, alikuta kadi ya kliniki ya mtoto asiyemjua ndani ya kabati. Akaifuata kadi mpaka saluni.

"Mwaka mzima sasa," Mrefu akasema. "Nilimwomba aje. Hataki. Ameniapia, nikimwambia Mama yuko wapi, atahama mji."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuja wakati Mama alikuwa hali, halali. Nikaona amepona. Amepata binti, wewe umepata mama, huyu amepata amani yake. Nani ameumia, Dada? Niambie nani!"

Na hapo, nisiwafiche, shetani alivuta kigoda akakaa na mimi. Nyamaza, akaniambia. Nani ameumia? Kitanda kipo, msumari upo. Mwenye mahali hapataki. Kaa!

Nikamgeukia msusi.

"Anakutafuta."

"Nani?" Akacheka. "Miaka ishirini na miwili, na sasa nakaa mtaa wa nne tu! Nimeshampita njiani zaidi ya mara kumi amebeba ndoo. Anayetafuta hivyo humtafuta nani?"

"Hakujua ulipo. Alikwenda studio kwetu akalia apate japo picha yako."

"Akapata?"

Mkono wangu ukaenda kwenye kovu.

"Akapata yako," akasema taratibu. "Akaitundika. Kila siku anaamka anasalimia sura yako. Sasa nenda nyumbani, dada mzuri. Mimi nina kichwa kinanisubiri."

Akaingia ndani. Lakini niliona mkono wake ulivyokosa kitasa mara mbili.

Siku tatu sikulala vizuri, na siyo kwa sababu ya figo.

Mnajua kilichonikera? Utotoni kituoni nilikuwa nakaa dirishani kila siku ya wageni. Nikijiambia, labda kuna mtu ananitafuta, ila hajapewa anwani. Labda mtu fulani anaijua na anamficha. Nilimchukia sana mtu huyo wa kufikirika. Nilimpangia adhabu.

Na sasa mtu huyo alikuwa mimi.

Jumapili asubuhi nilimkuta Mama uani, ananyoosha shuka jeupe juu ya meza ndefu. Mvuke unapanda.

"Mama, mwanao yupo."

"Yupo, namwona, hajanywa chai."

"Siyo mimi. Yule wa siku arobaini."

Pasi ikasimama.

"Ni msusi. Mtaa wa nne, saluni yenye mlango wa kioo. Anafanana na wewe mpaka inatisha. Na ile picha ukutani, unyusi wa kushoto niliuchora mimi kwa kompyuta. Mimi si mwanao. Naomba unisamehe, au mimi nikusamehe, sijui nani aanze."

Pasi ilikuwa imesimama palepale juu ya shuka, na tulisikia harufu kabla ya kuuona moshi. Nikaichomoa kwenye umeme. Shuka la watu lilibaki na alama ya kahawia, umbo kamili la pasi.

Mama akavua aproni. Akatoka getini na kandambili za bafuni.

Mrefu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Sijawahi kuona mtu mrefu akawa mdogo vile.

"Nilikupa mama," akaniambia. "Nilikupa mama bure, ukaenda kumrudisha!"

Nikaenda kupanga begi. Nguo zangu hazijawahi kuzidi begi moja, hilo ni jambo ambalo watoto wa kituo tunajifunza mapema. Lakini nilipanga, nikapangua, nikapanga tena. Sijui nilikuwa namsubiri nani anifukuze rasmi.

Alirudi alasiri. Vumbi mpaka magotini. Akasimama mlangoni kwangu.

"Unakwenda wapi?"

"Studio. Kile kichumba bado kipo."

"Nani kakufukuza?"

"Hakuna. Lakini hapa sina changu, Mama Pasi."

Nilimwita hivyo kwa makusudi, kama wateja. Nikaona lilivyomchoma.

Akakaa kitandani.

"Nimemwona," akasema. "Kaninyima kiti. Nikasimama. Kaendelea kusuka kichwa cha mtu mpaka mwisho, saa tatu nzima, mimi nimesimama. Alipomaliza akasema, 'Umeniona. Sasa nenda.' Nikaenda."

"Pole."

"Usinipe pole. Hayo nimejipikia mwenyewe." Akafuta pua kwa kiganja. "Na wewe nilikufanyia ubaya. Nilikuuliza umri kwanza, ndipo nikajenga soko. Nilijua. Wangu alikuwa wa siku arobaini, wewe wa miaka mitano, kovu silijui limetoka wapi. Kila asubuhi nilijua, halafu najisahaulisha mpaka jioni."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulivyolia pale studio, hakuna mtu aliyewahi kunililia hivyo."

Uani mashuka yalikuwa yanapigwa na upepo.

"Siwezi kuwa kiraka chako," nikasema. "Nitakaa hapa kila siku najiuliza unaniona mimi, au unamwona yeye."

"Usiwe kiraka."

"Niwe nani, sasa?"

"Najua mimi? Mimi ni dobi, siyo hakimu!" Akanigeukia, na ule mkono ukaenda kiunoni wenyewe. "Mtoto mmoja nilimtoa kwa sababu hakuwa wa mtu anayetakiwa. Na wewe nikuache utoke kwa sababu si wangu? Nitakuwa nimejifunza nini, umri wote huu? Mimi nakuuliza jambo moja tu. Unataka kukaa hapa, au hutaki?"

Nikamkodolea macho.

"Mbona unanitazama hivyo? Swali gumu?"

Halikuwa gumu. Lilikuwa jipya.

Nimeokotwa. Nimeandikwa kwenye faili. Nimehamishwa bweni, nimepangiwa kitanda, nimepewa mkono wa kwaheri nilipofika miaka kumi na minane. Nimekumbatiwa kaunta na kuambiwa mimi ni wa nani. Miaka ishirini na miwili, na hakuna kiumbe aliyewahi kunikalisha akaniuliza: wewe, unataka?

"Naomba nifikirie," nikasema.

"Fikiria. Mimi nakwenda kuwaomba radhi wenye shuka."

Nilifikiria mpaka mashuka yalipokauka. Nikaenda uani, nikashika pembe mbili za moja, nikamngoja ashike zake.

"Nataka," nikamwambia.

"Haya. Vuta vizuri, lisiburute."

Huo ndio mkataba wetu wote.

Ni miezi mitano sasa. Namwita Mama Mdogo, cheo tulichokubaliana baada ya mabishano marefu na kicheko kimoja. Mrefu alininunia siku nane, ya tisa akaniomba nimkopeshe chaja ya simu, basi, tukaendelea. Flashi ameondoa picha zote za wafanyakazi kwenye jalada la mazoezi, na sasa mteja akitaka sura ya kubuni anamwambia ukweli: haiwezekani.

Msusi hajaja kwetu. Mama Mdogo huenda kwake kila Alhamisi na taulo, Mrefu hapeleki tena. Wiki za kwanza alikuwa anasimama. Juzi alirudi amesukwa nywele.

"Mlizungumza nini?" nikamuuliza.

"Aliniambia niinamishe kichwa."

"Basi?"

"Basi. Nikakiinamisha."

Sasa mnaopenda kusema "Dada, funzo liko wapi?", chukueni hili. Mashaka yangu yalikuwa sahihi, tena yote: picha ya uongo, soko la uongo, kaka mwenye siri. Yalinionyesha uongo mpaka kona zake. Ila hayakunionyesha sababu yake hata siku moja. Sababu ilibidi niende kwa miguu nikaiulize.

Na kama nyumbani kwako kuna mtu uliyempa kitanda, awe mtoto wa ndugu, awe yatima, awe mkwe, usimwambie leo kwamba hapa ni kwake. Ameshaambiwa na wengi.

Muulize kama anataka. Kisha nyamaza, umpe muda hata wa kusema hapana.